Wasomaji Wanauliza: Ari ya Kupunguza Uzito Inatoka Wapi?

SWALI: Mshauri, salamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 38. Ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni moja iliyoko Industrial Area, Nairobi, na ninaishi Umoja katika jengo lisilo na lifti, ghorofa ya nne. Nina kilo 94 na kimo changu ni sentimita 162. Mwezi uliopita muuguzi alinipima presha akaniambia kwamba imeanza kupanda, na kwamba nikipunguza uzito huenda nisihitaji dawa. Tangu siku hiyo kila Jumatatu ninaanza: ninaacha chapati, ninaacha sukari, ninaacha chakula cha jioni, na ifikapo Jumatano usiku nimeshindwa na nimekula kuliko nilivyokuwa nikila awali. Ndugu zangu wanasema sina nidhamu, na mimi mwenyewe nimeanza kuamini hivyo. Nikisoma habari za watu waliopungua, wote husimulia kwamba siku moja waliamka wakiwa na ari isiyo na kifani. Siku hiyo mimi haijanifikia. Nifanyeje ili niipate ari ya kuanza? – Mama Wawili, Umoja

JIBU: Dadangu, mtu aliyeanza kila Jumatatu kwa mwezi mzima hawezi kuambiwa kwamba amekosa ari ya kuanza. Ari unayo, ila unaitwika mzigo usiobebeka, na inapolemewa unajilaumu wewe badala ya kuulaumu mpango. Kuhusu wale wanaosimulia juu ya asubuhi waliyoamka wakiwa wamebadilika, kumbuka kwamba wanaisimulia safari yao wakiwa wameshafika, na mwanzo wowote hupendeza ukitazamwa kutoka mwisho. Ninaowafahamu waliofaulu walianza wakiwa hawana hamu kubwa. Walifanya jambo dogo ambalo hata aliyechoka angeliweza, wakaliona likifanyika, na hamu ikawafuata baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo usiisubiri.

Hebu tuitazame Jumatano yako. Mwili unaponyimwa chakula kwa ghafla hauna namna ya kujua kwamba mwenyewe ameamua kupungua. Unachojua ni kwamba kuna upungufu. Homoni iitwayo grelini, ambayo hutengenezwa hasa na tumbo, huongezeka na kukuchochea utafute chakula, na homoni ya leptini, ambayo hutoka katika mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo, hupungua. Ongeza hapo uchovu wa kazi, msongamano wa magari, watoto wanaokusubiri na usingizi wa saa chache, ambao nao huzidisha njaa. Mtu anayelala bila kula Jumatatu na Jumanne, kisha akafika nyumbani saa mbili usiku Jumatano na kukuta ugali wa moto mezani, ataula wote, awe na nidhamu ya mwanajeshi au asiwe nayo.

Sitakuficha kwamba uzito wako unahitaji kushughulikiwa. Ukigawanya kilo zako kwa kimo chako cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe utapata takriban 36, na kuanzia 30 wataalamu huhesabu kuwa ni unene wa kupindukia. Hata hivyo, muuguzi wako hakukutaka urejee uzito wa siku ya harusi yako. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili. Waliopangiwa kubadili mwenendo waliwekewa shabaha mbili: kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, na kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, ilhali waliopewa metformini, dawa ya kisukari, walipata nafuu ya asilimia 31. Kwako wewe, asilimia 7 ni kama kilo sita na nusu. Presha nayo huanza kushuka kwa wengi hata kabla hawajafika hapo. Ukiisahau ile namba ya kilo 60 ambayo bila shaka umeiandika mahali fulani, utaona kwamba mlima wenyewe si mrefu kiasi hicho.

Tatizo la pili la ari yako ni kwamba umeifungia kwenye zawadi iliyo mbali. Kilo sita huchukua miezi, na mwanadamu hulegea akiahidiwa jambo la miezi ijayo huku chapati iko mbele yake sasa hivi. Tafuta sababu iliyo karibu, inayoweza kujionyesha ndani ya wiki mbili au tatu. Wewe umeitaja mwenyewe bila kukusudia: ghorofa ya nne. Leo jioni ukirudi, angalia unasimama kupumzika kwenye ghorofa ya ngapi, na unapofika mlangoni unaweza kuzungumza au unahema tu. Hicho ndicho kiwe kipimo chako cha kwanza, kabla ya mizani. Kifua na miguu huzoea haraka kuliko mafuta yanavyoyeyuka, na siku utakapofika ghorofa ya tatu ukagundua kwamba hukusimama kwenye ya pili, utakuwa na sababu ya kuendelea ambayo hukuazimwa na mtu.

Sasa jambo lenyewe la kuanza nalo. Ukinilazimisha nichague moja tu, nitachagua chakula cha saa kumi jioni. Nusu saa ya kutembea, pamoja na manufaa yake yote kwa moyo, presha na usingizi, kwa kawaida haimalizi hata nguvu zilizomo katika chapati moja kubwa, na wengi huvunjika moyo kwa sababu waliyategemea mazoezi peke yake. Uzito hushuka zaidi kupitia sahani. Na kosa la sahani yako, nikisoma barua yako vizuri, linatokana na kuifikia ukiwa umekufa njaa. Beba kazini kitu cha kula saa kumi: yai la kuchemsha na chungwa, ndizi na njugu kiganja kimoja, au githeri iliyobaki jana. Ukifika nyumbani utakuwa na njaa ya mtu wa kawaida, na hapo ndipo unapoweza kujipakulia nusu ya sahani sukuma wiki, managu au kunde, robo ugali, na robo maharagwe, nyama au samaki. Chakula cha jioni usikiache hata siku moja. Chapati nayo si haramu. Ile ya Jumapili pamoja na watoto uile kwa raha, bila kuihesabu kuwa ni dhambi ya kulipiwa Jumatatu.

Fanya hilo moja kwa wiki tatu au nne kabla hujaongeza jingine. Najua litaonekana dogo mno kwa mtu mwenye kilo 94, na ndugu zako watakucheka ukiwaambia kwamba umeanza kupunguza uzito kwa kuongeza mlo. Waache wacheke.

Likishazoeleka, angalia mafuta na sukari. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, na mtu anayemimina kutoka chupani bila kupima humimina vijiko vinne au vitano bila kujua. Anza kupima kwa kijiko. Kama unakunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vidogo vya sukari, hizo ni takriban gramu 36 kabla hujagusa soda wala mandazi, na Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa zaidi sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku. Punguza nusu kijiko kila baada ya wiki moja au mbili, ulimi utakufuata bila kulalamika sana.

Kuhusu kutembea, kuna kitu kinachosaidia kuliko hamu, nacho ni kuliunganisha tendo na tukio ambalo lazima litokee. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba watu hutimiza nia zao zaidi wanapoamua mapema kwamba likitokea jambo fulani watafanya jambo fulani, kuliko wanapojiambia tu kwamba watajitahidi. Usiseme, “Nitakuwa nikitembea zaidi.” Sema, “Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, gari likifika Donholm nitashuka, na njia iliyobaki nitaimaliza kwa miguu.” Barabara ya Outer Ring ina njia za wapita kwa miguu, na saa hizo za jioni wapitaji ni wengi. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima, kwa hiyo siku utakayochelewa kazini usitembee gizani kwa ajili ya mpango ulioandikwa na mshauri wa gazeti. Panda gari hadi kwako, kisha panda na kushuka ngazi za jengo lenu mara mbili. Mvua ya Aprili ikianza, fanya vivyo hivyo. Mpango usio na jibu la mvua na giza hautafika mbali Nairobi.

Kisha kuna siku utakayokosa. Wanasaikolojia Prochaska na DiClemente, walioandika mwaka 1983 kuhusu watu wanaoacha kuvuta sigara, walionyesha kwamba mabadiliko hupitia hatua, na kwamba kurudi nyuma ni jambo la kawaida njiani. Utafiti mwingine wa London, uliochapishwa mwaka 2010 ukihusu watu 96 waliojaribu kujenga mazoea mapya ya kula, kunywa au kufanya mazoezi, ulikuta kwamba kwa kawaida tendo lilichukua siku 66 kuwa mazoea, wengine wakichukua siku 18 na wengine wakikadiriwa kuhitaji hadi 254. Kilichonifurahisha humo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Kwa hiyo ukila vibaya Jumatano, Alhamisi saa kumi kula yai lako kama kawaida. Jumatatu isikuhusu tena.

Ujipime mara moja kwa wiki, asubuhi ya siku ileile, kabla ya kula, kwa maana uzito hucheza kilo moja au mbili kwa ajili ya maji, chumvi na hedhi, na anayejipima kila saa huchanganyikiwa. Mara moja kwa mwezi pitisha kiunoni utepe wa fundi wa nguo. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 88 huashiria hatari kubwa, na mara nyingine kiuno hupungua wakati mizani imegoma. Kama mna chama cha akina mama, tafuta humo mmoja tu wa kutembea naye. Tunatoa michango ya chama hata mwezi mgumu kwa sababu kuna mtu anayetusubiri, na miguu nayo huenda kwa sababu hiyohiyo.

Kuhusu ndugu zako, kusimangwa hakujawahi kumpunguza mtu. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanaoaibishwa kwa ajili ya unene huelekea kula zaidi na kukwepa kliniki. Tena jiandae, kwa kuwa walewale wanaokuambia leo kwamba huna nidhamu ndio watakaokuuliza kwa sauti ya chini, ukipungua, kama unaumwa. Miaka ya Ukimwi ilitufundisha kuogopa wembamba, na hofu hiyo haijatoka. Jibu lako liwe fupi: “Presha yangu imeshuka, nashukuru.”

La mwisho kwako ni kurudi kwa muuguzi. Mweleze dawa zote unazotumia, pamoja na sindano ya kupanga uzazi kama unaitumia, kwa kuwa baadhi ya wanaochomwa sindano ya miezi mitatu huongezeka uzito, na muulize kama kuna haja ya kupimwa tezi ya shingo. Presha ikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, huenda ukaandikiwa dawa. Zikubali na uendelee na yai lako la saa kumi.

SWALI: Mimi ni dereva wa matatu na ninaishi Kawangware. Ninakaa kwenye usukani tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku, na kitambi kimenizidi. Kuna chai inayouzwa kwamba inaondoa kilo tano kwa wiki moja, na rafiki yangu ameniambia pia kuhusu sindano. Nadhani nikiona mabadiliko ya haraka mwanzoni ndipo nitakapopata nguvu ya kuendelea. Unanishauri nini? – Dereva, Kawangware

JIBU: Ndugu yangu, hoja yako ina mantiki, na wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme wanaijua vizuri kuliko wewe. Chai nyingi za aina hiyo huwa na mmea uitwao sana (senna), unaotumika kama dawa ya kumfanya mtu aharishe. Zinachoondoa ni maji na kinyesi, ambavyo hurudi ukinywa maji na kula. Mafuta ya kitambi hayaguswi. Ukizitumia kwa muda mrefu unaweza kupungukiwa na madini ya potasiamu, ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa, na sidhani kama ninahitaji kukueleza maana ya kuharisha ukiwa na abiria 14 katikati ya msongamano wa Waiyaki Way. Ari utakayoipata wiki ya kwanza itakufa wiki ya pili, mizani itakaporudi ilikokuwa. Vidonge visivyo na lebo ni vibaya zaidi: katika baadhi yake imewahi kukutwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari yake kwa moyo na mishipa ya damu.

Sindano ni habari tofauti. Semaglutidi ni dawa halali inayopunguza njaa na kuchelewesha chakula kutoka tumboni, na katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021 walioitumia walipungua kwa wastani wa takriban asilimia 15 katika wiki 68, wakiwa pia wanasaidiwa kubadili ulaji na kufanya mazoezi. Lakini ni ghali, huwapa wengi kichefuchefu, na watafiti walipowafuatilia baadhi ya walioiacha waliona kwamba ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu sindano bandia za dawa hiyo. Ukiitaka, upitie kwa daktari na duka la dawa lenye kibali. Usinunue kwa mtu wa stendi.

Ukitaka mabadiliko ya haraka yasiyo na madhara, acha soda. Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida huwa na gramu zaidi ya 50 za sukari, na madereva wengi hunywa mbili kwa siku pamoja na smoki za barabarani. Weka maji ndani ya gari, na kila mnapopanga foleni ya kusubiri abiria shuka na utembee huku makanga akiita. Dakika kumi kwa mara tatu huhesabika sawa na nusu saa.

SWALI: Mamangu ana umri wa miaka 61, ana kisukari na uzito mkubwa, na anaishi nasi Dagoretti. Kila nikimwambia apunguze kula ananikumbusha kwamba yeye ndiye aliyenilisha. Nimtie moyo vipi bila kumkosea adabu? – Kifungua Mimba, Dagoretti

JIBU: Acha kumwambia. Mzazi wa umri huo hatapokea amri ya chakula kutoka kwa mtoto wake, na kila unapoirudia unamfanya aitetee sahani yake. Muulize badala yake ni jambo gani ambalo mwili umemzuia kulifanya siku hizi. Huenda akataja kupiga magoti kanisani, au safari ya kwenda mashambani kumwona dadake. Akishalitaja yeye mwenyewe, muulize angependa mmsaidie vipi, kisha unyamaze umsikilize.

Pili, badilisheni sufuria ya nyumba nzima. Mzee anayewekewa mboga isiyo na mafuta huku wajukuu wanakaangiwa viazi atajiona kwamba anaadhibiwa. Asipunguze chakula kwa ghafla kabla ya kuzungumza na kliniki yake ya kisukari, hasa kama anatumia insulini au vidonge vya aina ya glibenklamidi, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Kipimo cha dawa huenda kikahitaji kurekebishwa kadiri anavyopungua. Msindikize siku ya kliniki, na mkiwa huko omba nawe upimwe sukari na presha, kwa sababu mtoto wa mwenye kisukari cha aina ya pili yumo katika hatari zaidi, na mamako atakuwa tayari kutembea nawe jioni akijua kwamba safari ni ya wote wawili.